Mkaa Uliooksidishwa na Maji ya Kalokol

Kaunti ya Turkana haina uhaba wa mkaa. Mti wa mathenge, ambao Waturkana huuita etirae, umeenea kando ya Mto Turkwel, katika laga, yaani mito ya msimu, na kuzunguka kambi ya Kakuma, na watu huukata na kuuchoma ili wauze mkaa Lodwar na Kakuma. Mikoma nayo, eng'ol kwa Kiturkana, huangusha matunda yenye kokwa ngumu zinazoweza kuchomwa kuwa mkaa. Tatizo liko kwenye maji. Ziwa Turkana, ambalo mji wa Kalokol umekaa kando ya ufuo wake wa magharibi, lina chumvi, magadi na floraidi, na visima kadhaa vya kaunti vina hali ya aina hiyo hiyo. Hapo swali huja lenyewe: je, mkaa hauwezi kutengenezwa ukasafisha maji haya? Na kwa kuwa vitabu vya kemia vinaeleza kwamba mkaa uliotibiwa kwa asidi ya nitriki hushika metali nyingi zaidi, swali la pili hufuata: je, tiba hiyo ndiyo inayofaa hapa?

Makala haya yanapitia maswali hayo hatua kwa hatua. Tutaanza na mkaa wenyewe, tuangalie kinachotokea juu ya uso wake unapooksidishwa, yaani unapoongezewa oksijeni kwa dawa kama asidi hiyo, kisha tuurudie mji na maji yake. Hukumu itasubiri mpaka hesabu iishe.

Tuanze na tofauti kati ya mkaa wa jikoni na mkaa amilifu. Mkaa wa jikoni ni mti uliopashwa moto mahali penye hewa kidogo mpaka maji, moshi na lami vikaondoka, ikabaki kaboni kwa sehemu kubwa. Una vitundu, lakini vingi vimezibwa na mabaki ya lami. Ili uwe amilifu hupitishwa hatua ya pili, ambapo hupulizwa mvuke wa maji au kaboni dioksidi katika joto la kati ya nyuzi 800 na 1,000 za Selsiasi. Mvuke hula sehemu ya kaboni, hufungua vitundu vilivyozibwa na kuchimba vingine vipya. Njia nyingine ni kuiloweka malighafi katika kemikali kama asidi ya fosforiki kabla ya kuichoma, na kwa njia hiyo joto linalohitajika ni dogo zaidi.

Matokeo ya hatua hiyo ni uso mpana uliojificha ndani ya punje. Gramu moja ya mkaa amilifu mzuri huwa na uso wa kati ya mita za mraba 500 na 1,500. Wanakemia hugawa vitundu vyake katika makundi matatu kwa upana: vidogo kabisa, chini ya nanomita 2, vya kati, kuanzia nanomita 2 hadi 50, na vikubwa, zaidi ya nanomita 50. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Sehemu kubwa ya uso huo imo ndani ya vitundu vidogo kabisa. Vile vikubwa ni njia za kufikia huko.

Sasa neno adsopsheni. Adsopsheni ni kushikwa kwa molekuli au ioni juu ya uso wa kitu kigumu. Ni jambo tofauti na ufyonzaji, ambapo kitu huingia na kuenea ndani ya kingine, kama oksijeni ya hewani inavyoyeyuka ndani ya maji ya ziwa. Katika adsopsheni kitu hakizami, hubaki usoni. Ndiyo maana upana wa uso una uzito mkubwa, na ndiyo maana tabia ya uso huo ina uzito mkubwa vilevile.

Mvuvi wa Kalokol anajua kwamba tundu la wavu ndilo huamua samaki yupi atanaswa. Kwa mkaa, ukubwa wa tundu ni sharti la kwanza tu. Molekuli ikishaingia, kuna sharti la pili: je, inapatana na uso? Na kama ni ioni, yaani chembe yenye chaji ya umeme, kuna la tatu: je, chaji ya uso inaivuta au inaifukuza? Oksidisho hugusa masharti yote matatu kwa wakati mmoja, na humo ndimo faida yake na hasara yake zinamopatikana.

Ili tuone linavyoyagusa, tuutazame uso kwa karibu. Mkaa umejengwa kwa vijitando vyembamba vya kaboni, ambamo atomu zimejipanga katika maumbo ya pembe sita. Katikati ya kijitando kila atomu imeshikana na jirani zake na haitafuti kitu kingine. Elektroni hutembea juu yake kwa uhuru kiasi. Pembeni, ambapo mpangilio umekatika, kuna atomu ambazo viungo vyake havikukamilika. Hapo ndipo oksijeni hujiunga. Kwa hiyo mkaa una maeneo mawili yenye tabia tofauti: uwanda wa kati, ambao hauna chaji na haupendi maji, na kingo, ambazo zinaweza kubeba oksijeni na kuvutia maji.

Oksidisho la kikemikali ni kuongeza oksijeni kwenye kingo hizo kwa makusudi. Dawa zinazotumika ni kadhaa: asidi ya nitriki, ambayo ndiyo kali na iliyochunguzwa zaidi; peroksidi ya hidrojeni, ambayo ni pole kuliko hiyo; ozoni; permanganeti ya potasiamu; au hewa ya kawaida ikipitishwa juu ya mkaa kwenye nyuzi kati ya 300 na 400. Ukali wa dawa, muda na joto ndivyo huamua ni oksijeni kiasi gani itakayobaki usoni na itakaa kwa umbo gani.

Umbo hilo huitwa kundi tendaji, yaani mkusanyiko mdogo wa atomu unaoupa uso tabia yake ya kikemikali. Makundi makuu ni manne. Kaboksili ni asidi yenye nguvu kuliko mengine ya usoni. Laktoni ni asidi dhaifu zaidi. Fenoli ya usoni ni dhaifu kuliko hizo mbili. La nne ni kaboni iliyoungana na oksijeni kwa kiungo maradufu, ambalo kwa kawaida halina tabia ya asidi. Asidi ya nitriki huzalisha kaboksili kwa wingi. Hewa ya moto huelekea kuzalisha zaidi makundi yaliyo dhaifu.

Makundi haya hupimika. Katika miaka ya 1960 mwanakemia wa Ujerumani Hanns-Peter Boehm aliweka utaratibu wa titresheni ambao maabara hutumia hadi leo. Mkaa hulowekwa katika besi tatu zenye nguvu tofauti. Bikabonati ya sodiamu huondoa asidi ya kaboksili peke yake. Kabonati ya sodiamu huondoa kaboksili na laktoni. Hidroksidi ya sodiamu huondoa kaboksili, laktoni na fenoli. Kwa kutoa jibu moja kutoka kwa jingine, mpimaji hupata hesabu ya kila kundi. Ni njia inayohitaji vioo, mizani na uangalifu, na maabara ya chuo chochote cha sayansi inaweza kuimudu.

Kipimo cha pili kinachohitajika ni nukta ya chaji sifuri. Hiki ni kiwango cha pH, yaani kipimo cha asidi na besi, ambapo chaji chanya na chaji hasi za uso hulingana, uso ukawa hauvuti upande wowote. Maji yakiwa na pH iliyo chini ya nukta hiyo, uso hubeba chaji chanya. Yakiwa juu yake, uso hubeba chaji hasi. Mkaa ulioamilishwa kwa mvuke mara nyingi huwa na nukta ya kati ya 8 na 10. Ukichemshwa katika asidi ya nitriki, nukta hiyo huweza kushuka hadi kati ya 2 na 4. Uso uliokuwa na tabia ya besi umegeuka kuwa wa asidi.

Mabadiliko haya yana bei upande wa vitundu. Makundi mapya hukaa kwenye milango ya vitundu vidogo kabisa na kuibana. Asidi kali ikitumika kwa muda mrefu, kuta nyembamba kati ya vitundu huliwa na kubomoka, vitundu vidogo viwili vikawa kimoja kikubwa. Kwa njia zote mbili upana wa uso hupungua. Tiba ya polepole kwa peroksidi huharibu kidogo, lakini pia huweka makundi machache. Kwa hiyo mtu hanunui tabia mpya ya uso bila kulipa kwa sehemu ya uso wenyewe.

Tuone faida kwanza. Metali zenye madhara katika maji, kama risasi, kadimiamu na shaba iliyozidi, huwa ioni zenye chaji chanya. Uso wenye kaboksili nyingi, katika maji ambayo si ya asidi, una chaji hasi, basi huzivuta. Tena hauishii kuvuta tu: kaboksili hutoa hidrojeni yake na kuishika metali mahali pake. Huku ni kubadilishana kwa ioni. Ndiyo maana mkaa uliooksidishwa unaweza kushika metali nyingi kuliko mkaa wa awali, ingawa uso wake ni mdogo zaidi. Hapa tabia ya uso imeshinda upana wake.

Hasara nayo iko wazi. Mwaka 1968 Robert Coughlin na Fouad Ezra walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asidi za usoni hupunguza uwezo wa mkaa kushika fenoli iliyoyeyuka majini. Sababu zinazotajwa ni mbili. Ya kwanza, fenoli na molekuli nyingine zenye pete ya kaboni hulala bapa juu ya vijitando, zikishikwa na elektroni zinazotembea hapo. Oksijeni ya kingoni huzivuta elektroni hizo, mshiko ukalegea. Ya pili, makundi ya oksijeni hukusanya molekuli za maji, nazo huziba njia ya kuingia vitunduni. Mabaki ya dawa nyingi za wadudu, mafuta na vitu vinavyotia maji harufu mbaya ni vya jamii hii ya molekuli za kaboni. Kwa kazi hiyo mkaa amilifu usiotiwa asidi ndio bora.

Mfano mwingine wa hasara hii uko migodini. Huko Geita, Tanzania, dhahabu huyeyushwa kwa sianidi, kisha hunaswa kwa mkaa amilifu. Dhahabu iliyoungana na sianidi ni ioni yenye chaji hasi. Mkaa wenye oksijeni nyingi usoni huishika kwa udhaifu, kwa hiyo mtu aliyesoma kwamba oksidisho huongeza ushikaji wa metali, akautibu mkaa wa mgodi wake, angepoteza dhahabu. Kanuni haikusema uongo. Kilichobadilika ni chaji ya kitu kinachotafutwa.

Jambo moja zaidi kabla hatujarudi Kalokol: mabadiliko haya yanaweza kurudishwa nyuma kwa sehemu kubwa. Mkaa ukipashwa moto mahali pasipo na oksijeni, kaboksili huvunjika kwanza, kwenye nyuzi mia mbili na kitu hadi mia nne, zikitoa kaboni dioksidi. Makundi ya fenoli na yale ya kiungo maradufu hudumu hadi joto kubwa zaidi na hutoa kaboni monoksidi. Mkaa uliochomwa hivyo huirudia tabia yake ya besi, ila vitundu vilivyobomoka haviwezi kujengeka upya.

Sasa maji. Ziwa Turkana halina mto wa kuyatoa maji yake. Mto Omo kutoka Ethiopia huleta takriban asilimia 90 ya maji yanayoingia, na njia pekee kubwa ya kutoka ni jua. Chumvi hubaki. Lita moja ya maji ya ziwa ina takriban gramu 2.5 za chumvi, ambazo sehemu kubwa ni sodiamu, bikabonati na kloridi, na pH yake ni karibu 9.2. Floraidi yake inazidi mara kadhaa kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi ikizidi mwilini mwa mtoto kwa miaka, meno huota yakiwa na madoa ya kahawia. Ikizidi sana kwa muda mrefu, mifupa na viungo huathirika.

Tuweke mkaa uliooksidishwa ndani ya maji hayo. Kaboksili ya kawaida hupoteza nusu ya hidrojeni zake kwenye pH ya 4.5 hivi, na kila nafasi moja ya pH ni mara kumi. Kutoka 4.5 hadi 9.2 ni nafasi 4.7, sawa na mara 50,000. Maana yake, kwa kila kaboksili moja iliyobaki na hidrojeni yake, karibu 50,000 zimeipoteza na kubaki na chaji hasi. Uso umejaa chaji hasi kwa kadiri unavyoweza. Floraidi katika maji haya nayo ni ioni yenye chaji hasi. Hasi na hasi hufukuzana. Kwa hiyo tiba ya asidi haiongezi uwezo wa kuondoa floraidi. Inaupunguza hata ule mdogo uliokuwapo.

Je, chumvi? Tufanye hesabu kwa kurahisisha, tuseme gramu zote 2.5 ni bikabonati ya sodiamu. Hizo ni takriban milimoli 30 za sodiamu katika kila lita. Mkaa uliooksidishwa vizuri unaweza kuwa na milimoli 2 za makundi ya asidi kwa gramu moja. Ili makundi hayo yalingane na sodiamu zinahitajika gramu 15 za mkaa kwa lita, yaani gramu 300 kwa mtungi wa lita 20. Hidrojeni inayotoka ingekutana na bikabonati na kuigeuza maji na kaboni dioksidi, basi magadi yangepungua kwa kiasi fulani. Lakini kaboksili huishika sodiamu kwa udhaifu, kloridi na floraidi zingebaki palepale, na baada ya mtungi mmoja mkaa ungehitaji kuoshwa tena kwa asidi. Chumvi ya kadiri hii huondolewa kwa kuyasukuma maji kupita kwenye utando mwembamba, au kwa kutafuta chanzo kingine. Hata kutafuta chanzo kuna mafunzo yake: mwaka 2013 Serikali ya Kenya na UNESCO zilitangaza hazina kubwa ya maji chini ya ardhi ya Lotikipi, humo humo Turkana, na vipimo vilivyofuata vikaonyesha kwamba maji hayo yana chumvi nyingi mno kunywewa.

Kwa floraidi upo mkaa mwingine, nao hufanya kazi kwa njia tofauti kabisa. Mkaa wa mifupa hutengenezwa kwa kuchoma mifupa ya ng'ombe katika hewa kidogo, kwenye joto la nyuzi 400 hadi 500 hivi; joto likizidi sana, uwezo wake hupungua. Sehemu kubwa ya mkaa huo ni madini ya kalisiamu na fosfeti yaliyojenga mfupa. Kaboni ni sehemu ndogo. Madini hayo ndiyo hushika floraidi. Dayosisi Katoliki ya Nakuru imekuwa ikiutumia kwa miaka mingi kusafisha maji ya Bonde la Ufa, na kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha kimeufanyia utafiti na kuusambaza majumbani.

Hapa kuna hatari ya kuchanganya mambo, na ni vyema isemwe waziwazi. Mtu akichukua mkaa wa mifupa na kuuchemsha katika asidi ya nitriki, akidhani anauboresha kama ule wa miti, asidi itayayeyusha madini ya kalisiamu. Atakachobaki nacho ni ile kaboni kidogo, na uwezo wa kushika floraidi utakuwa umemwagwa pamoja na maji ya kuoshea. Mkaa wa mifupa pia una mipaka yake: katika maji yenye magadi mengi na pH ya juu kama ya ziwa, uwezo wake hushuka, kwa sababu bikabonati na hidroksidi hugombania nafasi zile zile. Utafaa zaidi kwa kisima chenye floraidi nyingi na chumvi kidogo kuliko kwa maji ya ziwa yenyewe.

Lipo pia suala la usalama wa kuitumia asidi yenyewe. Asidi ya nitriki ikichemshwa pamoja na mkaa hutoa moshi wa rangi ya kahawia unaodhuru mapafu. Mkaa wake lazima uoshwe mara nyingi mpaka maji yanayotoka yasiwe na asidi, jambo linalotaka maji safi mengi mahali ambapo maji safi ndiyo haja yenyewe. Maji machafu ya kuoshea nayo lazima yatibiwe kabla ya kumwagwa. Hii si kazi ya nyuma ya nyumba.

Sasa tunaweza kuhukumu. Oksidisho la kikemikali haliufanyi mkaa kuwa bora au duni. Linaufanya uwe mkaa wa kazi nyingine. Unapata uwezo wa kushika ioni zenye chaji chanya, unapoteza uwezo juu ya molekuli za kaboni na ioni zenye chaji hasi, na unalipa kwa sehemu ya vitundu. Kisima kikipimwa kikakutwa na risasi au kadimiamu, mkaa uliooksidishwa una hoja. Tatizo likiwa harufu, mafuta au dawa za wadudu, mkaa amilifu wa kawaida unatosha na ni nafuu zaidi. Likiwa floraidi, mkaa wa mifupa ndio wa kujaribiwa. Likiwa chumvi, hakuna mkaa utakaolimaliza. Na likiwa vijidudu, mkaa wowote ule hautoshi. Maji bado yanahitaji kuchemshwa au kutiwa klorini.

Kalokol inajua gharama ya kutanguliza mtambo kabla ya swali. Kiwanda cha samaki kilichojengwa huko kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilihitaji umeme na maji safi kwa kiasi ambacho mji haukuwa nacho, kikasimama muda mfupi baada ya kuanza. Mkaa wa mathenge na wa kokwa za mikoma unastahili kuchunguzwa, na vijana wanaosoma sayansi Lodwar wana kila sababu ya kuufanyia kazi. Lakini uchunguzi huo uanze kwa karatasi ya vipimo vya kila kisima: pH, chumvi yote, floraidi, metali. Karatasi hiyo ndiyo itakayosema ni uso wa aina gani unaotakiwa. Kwa yale yanayojulikana leo kuhusu maji ya Kalokol, fedha ya kununua asidi ya nitriki ingefanya kazi kubwa zaidi ikilipia vipimo hivyo na tanuri la kuchomea mifupa, ambayo kaunti ya wafugaji haikosi.